Ukwapi na Utao wa Nitrasi: Kuisoma Seti Nyevu na Seti Kavu

Seti ya nitrasi ya gari husomwa vibaya kwa sababu wengi huanza kuisoma mwishoni, kwenye idadi ya nguvu farasi iliyochapwa juu ya kasha, ilhali fani yake yote imo katika nozeli, kipande cha shaba kisichozidi urefu wa kidole. Nozeli ya seti nyevu ina midomo miwili ya kuingilia, mmoja wa bomba la buluu liletalo gesi, mwingine wa bomba jekundu liletalo petroli, na tundu moja la kutokea. Gesi ipitapo kwa nguvu huipasua petroli ikawa ukungu, na viwili hivyo vikaingia katika njia ya hewa vimeshachanganyika. Nozeli ya seti kavu ina mdomo mmoja. Gesi huingia peke yake, na petroli ya kuikamilisha hutazamiwa itoke kwenye injekta za gari lenyewe. Kwa hiyo swali la mhakiki ni hili: kila seti imemkabidhi nani kazi ya kuutimiza mchanganyiko, na je, aliyekabidhiwa anaiweza?

Nitrasi oksaidi si mafuta. Thamani yake ni kwamba asilimia 36 ya uzito wake ni oksijeni, ilhali hewa ya kawaida ina asilimia 23 tu, na tena huchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, hivyo huipoza hewa inayoingia na kuifanya nzito zaidi. Oksijeni hiyo ya ziada ikikosa petroli ya kuandamana nayo, joto la mwako hupanda, injini hugonga, na pistoni huyeyuka ukingoni kabla dereva hajafahamu kilichotokea. Ni mshororo wenye vipande viwili: gesi ndiyo ukwapi, petroli ndiyo utao, na mizani ikipotea upande mmoja mshororo mzima umeharibika. Katika seti nyevu msanii mmoja hutunga vipande vyote viwili; katika seti kavu hutunga ukwapi na kumwachia mwenzake utao.

Uzuri wa seti nyevu ni kujitosheleza kwake. Haiombi ruhusa kwa kontroli boksi wala haitegemei ukubwa wa injekta. Jeti mbili zilizochaguliwa kwa uangalifu, solenoidi mbili zinazofunguka pamoja, na uwiano umepatikana. Ndiyo maana imedumu kwenye injini za kabureta, ambazo menifoldi zake zilibuniwa tangu mwanzo zipitishe hewa na petroli kwa pamoja. Lakini kifundishwacho na fani moja si lazima kifae kila mahali. Litazame gari ambalo mtu wa Unguja hulikuta kila anapogeuka, Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, silinda nne, sentimita za ujazo 1,497, nguvu farasi 109. Menifoldi yake ni ya plastiki, ina mikunjo, na haikubuniwa ibebe tone la petroli: petroli yake hutiwa na injekta mlangoni mwa kila silinda. Ukungu wa seti nyevu ukifika kwenye mkunjo, hewa hugeuka kwa wepesi, petroli iliyo nzito hushindwa kugeuka nayo, ikajibandika ukutani na kutuama chini. Silinda moja hupata zaidi, nyingine hupata pungufu, na dimbwi lililobaki likipata cheche ya kurudi nyuma, plastiki hupasuka. Kosa hapa si la nozeli. Ni la kuupa umbo la menifoldi jukumu ambalo umbo hilo halikuwahi kulibeba.

Seti kavu hulikwepa kosa hilo kwa adabu ya kupigiwa mfano, kwa kuwa huziachia injekta kazi zinayoijua. Hata hivyo si kila mtindo wa seti kavu unafaa. Mtindo wa zamani uliibana regyuleta kwa shinikizo la gesi ili petroli isukumwe zaidi. IST haina bomba la kurudishia mafuta, regyuleta yake imo ndani ya tangi, hivyo hila hiyo haina pa kushika. Uliobaki ni kuandika upya hesabu za kontroli boksi, au kuitia gesi kabla ya sensa ya hewa, waya mdogo wenye joto ambao hupoa kadiri hewa inavyopita. Gesi huupoza waya, kontroli boksi husoma kwamba hewa imeongezeka, nayo huongeza petroli. Naona hapa ufundi wa hali ya juu, kwani kifaa kilichokuwa msomaji kinageuzwa kuwa mtunzi mwenza. Ila usomaji wenyewe una ukali wake: gesi ikiugonga waya kwa karibu mno huupoza kupita kiasi, kwa hiyo nozeli hukaa mbali, na vipimo vya sensa pana ya oksijeni ndivyo vitakavyosema kama utao umetimia.

Kuna na mpaka wa muda. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda ina milisekunde 20 tu za mzunguko kamili wa kazi. Injekta ambayo tayari hukaa wazi milisekunde 16 imebakiwa na nafasi finyu mno, na seti kavu ikidai zaidi ya hapo inadai mizani ambazo ubeti hauna.

Hoja inayoniamulia, lakini, ni ya mtungi wa gesi. Kwenye nyuzi 20 shinikizo la ndani yake ni takriban paundi 730 kwa inchi mraba. Kwenye nyuzi 30 huzidi 900. Kwenye nyuzi 36.4 hufika kama 1,050, na hapo tofauti kati ya kimiminika na mvuke hutoweka kabisa. Vitabu vya nchi za baridi hushauri kununua hita ya mtungi. Aliyeegesha gari Darajani saa saba mchana wakati wa kaskazi, vioo vimefungwa, amekwisha kuupita mpaka huo bila hita yoyote. Sasa rudi kwenye jeti mbili za seti nyevu: ya gesi inasukumwa na shinikizo lililopanda, ya petroli inasukumwa na pampu ile ile ya kila siku, isiyojua habari za jua. Gesi huzidi, petroli hubaki palepale, na uwiano ulioonekana mkamilifu asubuhi huwa hatari mchana. Seti kavu isomwayo na sensa huliona ongezeko hilo na kulijibu, angalau kwa sehemu. Seti kavu yenye hesabu zisizobadilika hailioni, na katika hili haina ubora wowote juu ya nyevu.

Fani iliyo kamili kuliko zote ni nyevu yenye nozeli kwa kila silinda, iliyowekwa karibu na mlango wake, kwa sababu huiondoa menifoldi katika kazi ya kugawa petroli. Nayo ni ya injini iliyojengwa kwa mbio. Kwa IST ya Unguja ningechagua kavu, gesi itiwe kabla ya sensa, nguvu farasi za ziada zisizidi 25 hadi 35, taimingi irudishwe nyuma, mtungi ufunikwe usipigwe jua na valvu yake ya usalama itolee nje ya gari. Na gesi isifunguliwe barabarani, popote pale.