Mbao Zinazojifanya Mawe

Februari 1322, mnara wa kati wa kanisa kuu la Ely, mashariki mwa Uingereza, uliporomoka usiku kwa kishindo hata watawa wakadhani ni tetemeko la ardhi. Aliyebeba jukumu la ujenzi mpya alikuwa Alan wa Walsingham, mtawa aliyejua pia usonara. Wengi wangezirudisha nguzo nne za katikati zilizoubeba mnara wa zamani. Yeye alizifuta kabisa: akapima sehemu nane, akachimba hadi ardhi ngumu, akainua pembenane ya mawe yenye upana wa mita 22 hivi.

Uwazi wa namna hiyo waashi hawakuthubutu kuufunika kwa mawe. Akaitwa William Hurley, seremala wa mfalme. Kwa pembe za mnara mpya wa mbao alitaka nguzo nane za mwaloni zenye urefu wa karibu mita 19, na kila nguzo iwe mti mmoja usioungwa. Miti hiyo ilisakwa hadi Chicksands, Bedfordshire.

Ukisimama chini, unaona mbavu za dari zikichanua kutoka pembe za mawe, na juu yake mnara wa madirisha kama mwavuli usio na mpini. Usiziamini mbavu hizo. Ni mbao zilizopakwa rangi zifanane na mawe, na mzigo wenyewe, mamia ya tani za mbao, kioo na risasi, unapita kwingine. Nyuma ya dari zimejificha boriti nene zilizolala mshazari, zikiusukuma uzito nje hadi kwenye mawe. Tena Hurley aliuzungusha mnara kidogo, pembe zake zisielekeane na pembe za mawe zilizo chini. Kwa hiyo kila pembe ya mawe inatoa boriti kwenda nguzo mbili za mwaloni, na pembetatu zikafungana pande zote. Nimeutazama mchoro wake mara nyingi, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Wapo wanaoiita hila. Mimi naiita adabu ya fundi: jasho lake halikuwekwa mbele ya anayesali.

Kazi ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1340. Karne ya 18 James Essex aliukarabati mnara, na karne ya 19 Gilbert Scott akaurudishia sura ya kale. Ukifika Ely, usiishie sakafuni. Omba kupandishwa juu, upite katikati ya boriti za Hurley.