Kizuri Chajiuza?

Wazee walituambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. William Davidow, mhandisi aliyegeuka mwuzaji katika kampuni ya Intel, aliipinga imani hiyo kwa kitabu kizima, Marketing High Technology, kilichotoka mwaka 1986. Nakiheshimu kitabu hicho, lakini nina ugomvi nacho.

Kisa chake kikubwa ni cha mwaka 1980. Mikroprosesa ya Intel, 8086, ilikuwa ikipoteza wateja kwa 68000 ya Motorola, ambayo wahandisi wengi waliiona bora zaidi. Intel haikuwa na muda wa kuunda nyingine. Ilianzisha kampeni iliyoitwa Crush: pamoja na chipu yenyewe, ikauza vitabu vya maelekezo, mafunzo, na ahadi ya chipu zitakazofuata. Miongoni mwa waliokubali ni IBM, ambayo kompyuta yake ya mwaka 1981 ilitumia 8088, ndugu yake 8086. Programu nyingi zikaandikwa kwa ajili ya kompyuta hiyo, nazo zikawa ua ambalo Motorola haikuweza kuliruka.

Mwenye kutafuta hisa akifunga kitabu hapo atasema: basi, nimfuate mwuzaji, si fundi. La hasha! Mwuzaji hujenga ua, lakini fundi ndiye anayelilinda. Kuanzia 1991 nembo ya Intel Inside ilibandikwa hata kwenye kompyuta za watu wasiojua kilichomo ndani. Lakini kibandiko hakipunguzi ukubwa wa transista. Katika miaka ya 2010 Intel ilichelewa mno na chipu zake za nanomita 10, na TSMC ya Taiwan, isiyojulikana na wanunuzi wengi wa madukani, ikaipita. Novemba 2024 Intel iliondolewa katika kipimo cha hisa cha Dow Jones, Nvidia ikachukua nafasi yake.

Nvidia nayo haikupanda kwa ufundi mtupu. Tangu 2007 iliwapa waandishi wa programu zana za CUDA. Wakazizoea, na kuhama kukawa kugumu. Hapo Davidow alikuwa sahihi.

Kwa hiyo siulizi tena chipu ipi ina kasi, wala nani anapiga ngoma kwa nguvu. Nauliza: mteja akihama kesho, atapoteza nini? Na je, karakanani bado wanafanya kazi, au wanaishi kwa sifa za jana? Hisa ni akiba ya mtu, pengine kiinua mgongo chake chote. Si haki kuikabidhi kwa methali, wala kwa kibandiko.