Insafu ya Fundi wa Maji

Katika kazi zote zifanywazo kwa mikono katika miji yetu ya mwambao, sidhani kama iko yenye hekima nyingi na sifa chache kama kazi ya fundi bomba aitwapo kwenye nyumba ambayo maji yake hayakukatika, wala hayaji sawasawa, bali yanatoka kwa unyonge. Bomba lililopasuka hujishtaki lenyewe, kwa kuwa kila mwenye macho huona maji yakimwagika. Na tangi tupu likigongwa hutoa habari yake papo hapo. Lakini maji dhaifu ni jambo lenye dalili moja na sababu nyingi, na kuibainisha sababu iliyo ya kweli miongoni mwa hizo zote, pasipo kubomoa ukuta wala kumtia mwenye nyumba hasara, ni ustadi unaostahili kusifiwa waziwazi.

Watu wa mwambao wameyaenzi maji matamu tangu kale. Pale Kaole, kusini ya mji wa Bagamoyo, karibu na magofu ya msikiti unaonasibishwa na karne ya 13, kipo kisima ambacho maji yake ni matamu ingawa bahari haiko mbali. Na Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 mpaka 1888, hukumbukwa hata leo kwa kuwaletea watu wa mjini maji ya chemchemi kwa mabomba. Katika zama zetu mtambo wa Ruvu Chini, ulioanza kazi mwaka 1976 katika wilaya hiyo hiyo ya Bagamoyo, ulipanuliwa hata ukaweza kusafisha lita milioni 270 kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo huelekea Dar es Salaam. Hayo ni mambo makuu, na walioyafanya wana haki ya kutajwa. Hata hivyo, baina ya bomba kuu la barabarani na ndoo ya mama aliyeko Zinga au Kiromo imebaki njia ndogo yenye tangi, koki, viungio na pembe, na msimamizi wa njia hiyo si serikali wala mhandisi, ila fundi wa mtaani.

Jambo la kwanza alijualo fundi wa kweli ni kwamba maji hayana nguvu isipokuwa ile yaliyopewa na kimo au na pampu. Kila mita 10 za kimo huyapa maji msukumo ulio karibu na uzito wa kilo 1 juu ya kila sentimita mraba. Kwa hiyo tangi lililoinuliwa mita 3 juu ya bomba la kuogea haliwezi kutoa hata theluthi ya msukumo huo, liwe na lita 500 au lita 5,000. Upana wa tangi hauongezi kitu. Kimo ndicho kinachoamua, kama alivyobainisha Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Wengi hununua simtanki kubwa zaidi wakitaraji maji yenye nguvu zaidi, na fundi mwaminifu ndiye awaambiaye, kabla hawajatoa fedha, kwamba heri mnara mrefu kuliko tangi pana.

Akiisha kulipima hilo, huanza kuuliza, na katika kuuliza huko hufuata adabu ya kadhi aogopaye kudhulumu, ambaye hamtii mtu hatiani kabla ya kusikia mashahidi, hata kama mtaa mzima umekwisha kumtaja. Mtuhumiwa wa kila siku katika nyumba zetu ni pampu, na mara nyingi hubadilishwa ilhali haina kosa. Kwa hiyo fundi huuliza: je, udhaifu huu uko kwenye bomba moja au nyumba nzima? Uko kwenye maji ya moto peke yake, au na ya baridi pia? Ulianza ghafla, au ulikuja pole pole mwaka hata mwaka? Kila jibu huiondolea shaka sehemu kubwa ya nyumba, maana bomba moja likiwa dhaifu na mengine yana nguvu, tangi na pampu vimekwisha kushuhudiwa kwa wema.

Baadaye huyaendea maji yenyewe, na hapa ndipo penye siri kubwa ya ufundi huu, kwamba maji yaliyosimama hutoa ushahidi mmoja na maji yanayokwenda hutoa ushahidi mwingine. Koki zote zikifungwa, kipimo kikaonyesha msukumo kamili, kisha koki moja ikafunguliwa na mshale ukaanguka, fundi hupata yakini kwamba nguvu ipo ila njia imebana. Lakini mshale ukiwa chini hata maji yaliposimama, upungufu uko kwenye chanzo. Asiye na kipimo huchukua ndoo ya lita 20 na saa, akaijaza kwenye koki iliyo karibu na tangi, kisha kwenye iliyo mbali, maadamu koki zote mbili ni za aina moja na ziko usawa mmoja. Ndoo ikijaa kwa dakika 2 huku na kwa dakika 6 kule, anajua ni sehemu ipi ya kufungua na ni ipi ya kuiacha salama.

Huku kwetu pwani wakosaji wanajulikana. Maji ya visima vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe huja na chokaa, ambayo huganda kidogo kidogo kwenye vitundu vya bomba la mvua na ndani ya hita, na dawa yake ni kuviloweka vile vitundu katika siki usiku kucha. Mabomba ya zamani ya chuma huota kutu kwa ndani. Na bomba la inchi 1 likibakiwa na nafasi ya nusu inchi, halipitishi nusu ya maji yake ya awali, bali chini ya robo. Aghalabu koki iliyofungwa wakati wa matengenezo haikufunguliwa mpaka mwisho, au mfuniko wa tangi umezibwa barabara kwa nailoni, hata hewa isipate pa kuingia badala ya maji yatokayo. Na pampu inayokohoa pengine ni nzima kabisa: inavuta hewa kwenye kiungio kilicho upande wa kunyonya, ambako tundu halidondoshi maji, na kwa sababu hiyo jicho halilioni.

Mtihani mgumu zaidi wa elimu hii umo katika yale magari ya safari yenye kitanda, jiko na bafu, ambayo wasafiri hupita nayo nchi nyingi na kuyaegesha kando ya bahari. Ndani ya gari moja mna kila kilichomo katika mji: chanzo, pampu, njia na koki, ila tangi kwa kawaida huwekwa chini, kimo hakisaidii kitu, na kazi yote imo juu ya pampu ndogo ya volti 12. Fundi aliyezoea kuuliza kwa mpango hatatahayari mbele ya gari hilo. Ataliunganisha kwanza na maji ya nje: yakija kwa nguvu, njia na koki hazina lawama, na upelelezi unahamia kwenye tangi na pampu, yakibaki dhaifu, atatafuta mpira uliokunjika chini ya kitanda au kichujio kilichojaa. Atafungua chujio dogo lililo mbele ya pampu kabla ya kuigusa pampu yenyewe. Kisha atapima umeme pampu ikiwa inafanya kazi, kwa kuwa betri iliyopumzika yaweza kuonyesha volti 12 na zaidi, ilhali kwenye pampu zimefika 10 tu, kwa sababu waya ni mwembamba au kiungio kimeliwa na chumvi ya bahari. Hivyo kanuni ya maji yaliyosimama na maji yanayokwenda huwa ndiyo kanuni ya umeme pia.

Basi haifai tuendelee na desturi yetu ya kulipia kitu na kutolipia akili. Fundi aliyefunga pampu mpya hupata faida yake pasipo mtu kuuliza kama ilihitajika. Na yule aliyegundua kwamba koki imefunguliwa nusu hupewa asante na nauli, kana kwamba hakufanya kazi. Kwa malipo ya namna hiyo twawafundisha wenyewe mafundi wetu kudhulumu, kisha tukawalalamikia. Insafu ni kupatana ujira wa kutafuta sababu kabla ya kupatana bei ya kifaa chochote. Na katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, kama vile katika uanagenzi wa mitaani, kijana asipimwe kwa kuunga bomba peke yake. Apelekwe kwenye nyumba yenye maji dhaifu; akiuliza, akapima, akaonyesha sababu, na akaondoka pasipo kumwuzia mwenye nyumba hata kiungio kimoja kisichohitajika, huyo ndiye apewe cheti cha kwanza mbele ya wenzake wote.