Mpishi, Maiti na Robota la Nguo

Mwezi Februari 1874 msafara kutoka bara uliingia Bagamoyo na mzigo mrefu uliofungwa mithili ya robota la nguo. Ndani ya robota mlikuwa na maiti ya David Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi na wapagazi wake walikuwa wameupasua mwili, wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakauzika moyo chini ya mti, kisha wakaubeba kwa miezi tisa hivi, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600. Walishuka pwani kwa njia ya misafara iliyokuwa ikipita Ukwere, nchi ambayo siku hizi msafiri anayetoka Chalinze kwenda Bagamoyo huikata kwa gari akiwa bado hajachoka kukaa. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa na misheni yao hapo tangu 1868, waliupokea mwili. Mnara wa kanisa lao la zamani unaitwa Mnara wa Livingstone hadi leo.

Mnara umepewa jina la aliyebebwa. Petina Gappah, mwandishi wa Zimbabwe aliyezaliwa Zambia, aliandika riwaya juu ya waliobeba. Inaitwa Out of Darkness, Shining Light, imeandikwa kwa Kiingereza na ilitoka mwaka 2019. Wengi huisoma kwa ajili ya safari yenyewe, na hawakosei. Mimi nimeisoma mara ya pili nikitazama mishono, jinsi fundi anavyoigeuza kanzu ndani nje, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali linalowasumbua waandishi wetu: mtu wa historia, ambaye kila mtoto wa shule anajua mwaka aliokufa, anaingizwaje kwenye riwaya bila kugeuka sanamu?

Hatua ya kwanza ya Gappah imo kwenye mahali alipoanzia. Wasifu wa Livingstone, na umeandikwa mara nyingi mno, humalizikia Chitambo, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Gappah anaanzia hapo wanapoishia wenzake. Mtu mkuu amekufa na hana la kusema. Kila tunachokijua juu yake kinatoka kwenye vinywa vya waliompikia, waliombeba alipougua, waliomwona akikasirika na akilia. Kwa hatua hiyo moja mwandishi amejiepusha na kazi ngumu kuliko zote katika riwaya ya wasifu, kazi ya kuingia kichwani mwa mtu mashuhuri na kumwazia mawazo. Waandishi wengi huangukia hapo. Humpa shujaa hotuba pale ambapo binadamu angeguna tu, kwa sababu wanaogopa kumvunjia heshima.

Hatua ya pili ni kuchagua wasimulizi, na ndiyo yenye mengi ya kujifunza.

Sauti zinazobeba riwaya hii ni mbili. Ya kwanza ni ya Halima, mpishi. Ya pili ni ya Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa katika shule ya Nassick huko India, akajua kusoma na kuandika, akasoma sala siku ulipozikwa moyo, akausindikiza mwili mpaka mazishi ya London tarehe 18 Aprili 1874. Jacob aliacha maandishi yake mwenyewe. Halima hakuacha hata herufi moja. Tunamjua kwa sababu bwana wake alimtaja katika shajara yake: kwamba aligombana na mwanamke mwenzake, Ntaoeka, akatoroka, kisha akarudi; kwamba ni hodari na mwaminifu, hajaiba kitu; na kwamba wakifika Unguja atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani.

Mistari michache tu, lakini jinsi Gappah alivyoitumia inastahili kufundishwa darasani. Ile sifa ya Mzungu kwa mtumishi mwema hakuinakili. Alijiuliza, mwanamke aliyeahidiwa nyumba na mtu ambaye sasa amekufa anawaza nini anapotembea nyuma ya maiti yake? Papo hapo Halima akapata haja, na mhusika mwenye haja hutembea mwenyewe bila kusukumwa. Ile nyumba ya Unguja ikawa uti wa mgongo wa sehemu nzima. Ugomvi na Ntaoeka ukazaa kambi ya wanawake yenye wivu, vicheko na masengenyo. Neno kwamba alirudi likazaa ulimi mkali wa mtu anayejua kuwa jiko haliendi bila yeye. Hakuna kilichopindwa. Mistari ya shajara imesimama mahali pake kama nguzo, na ukuta ukajengwa kati ya nguzo na nguzo.

Kanuni hiyo ndiyo ninayoiona katika riwaya za wasifu zilizofanikiwa. Hati ikisema, mwandishi anaifuata, na ikinyamaza, hapo ndipo anapopata ruhusa ya kubuni. Lakini kila ukimya una chanzo chake, na mwandishi mzuri hutafuta chanzo hicho. Halima hakunyamaza kwa kukosa la kusema. Alinyamazishwa na mpango mzima wa kuandika, kwa kuwa kalamu ilikuwa mikononi mwa wengine. Kumpa sauti kunaiongezea historia kitu ambacho ilipaswa kuwa nacho tangu mwanzo.

Tazama pia jinsi tukio la Kasekera linavyomfaa mwandishi. Taarifa ya safari, iliyotokana na maelezo ya Susi na Chuma, wawili kati ya watumishi wa Livingstone, walipopelekwa Uingereza, inasema watu wa huko walikataa maiti isipite. Wasafiri wakatangaza kwamba wanairudisha Unyanyembe ikazikwe. Wakafunga mabua ya mtama yakafanana na mwili uliovikwa sanda, wenzao kadhaa wakaondoka nayo magharibi kwa huzuni ya kuigiza, wakayatupa porini na kurejea kimyakimya. Maiti ya kweli ikafungwa upya kama robota. Mwandishi aliyepewa tukio kama hili hana haja ya chumvi. Atakachoongeza ni jasho, hofu ya kugunduliwa, na labda mtu mmoja aliyeangua kicheko wakati usiofaa.

Sehemu ya Jacob naihukumu kwa ukali zaidi. Lugha yake ni ya mahubiri, ya kijana aliyemeza vitabu vya misheni na kuona wenzake ni washenzi. Kama ufundi, hilo limefanywa vizuri: safari ile ile inasimuliwa kwa ndimi mbili zisizopatana, na msomaji anajifunza kumtilia shaka anayejua kuandika kuliko asiyejua. Tatizo ni kwamba ndani ya sehemu hiyo Gappah anaingiza mauaji ambayo hati hazina, na hadithi inavutwa kuelekea swali la nani kaua. Safari hii ilikuwa na vifo, njaa na homa za kutosha. Mwandishi aliyeshikilia nguzo zake kwa uaminifu namna ile hakuhitaji fumbo la kubandika, na Halima anapotoka jukwaani joto la riwaya linapungua.

Kitu kimoja kinanikaa moyoni kila nikiisoma. Watu hawa walikuwa wakizungumza Kiswahili. Susi alitoka Shupanga kwenye mto Zambezi, Chuma alikuwa Myao, wengine Wanyamwezi na watu wa pwani, na lugha iliyowaunganisha njiani ilikuwa yetu. Gappah analijua hilo, ndiyo maana wahusika wake wanamwita marehemu Bwana Daudi na maneno ya Kiswahili yanachomoza hapa na pale. Lakini kwake Kiswahili kinabaki kama viungo juu ya wali. Mwandishi wa Kiswahili angekuwa na wali wenyewe, na kambi ya mwaka 1873 ingesema kwa kinywa chake.

Kwa sharti moja: asiwape watu wa 1873 Kiswahili cha ofisi ya leo. Nimesoma maandiko ya kihistoria ambamo mpagazi wa karne ya 19 anakabiliwa na changamoto na kujali maslahi ya wananchi, na mara hiyo hiyo msafara wote unageuka warsha. Maneno ya wakati ule yapo na yamehifadhiwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo, aliandika juu ya desturi za Waswahili kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Humo mna harusi, misiba na ngoma za watu wa Mrima kama walivyozieleza wenyewe. Tippu Tip alieleza maisha yake kwa Kiswahili chake, na kitabu kipo. Katika maandishi ya namna hiyo mwandishi atamkuta kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara, hongo iliyotozwa na kila mtawala, merikani na kaniki zilizopimwa kwa mikono, pembe zilizohesabiwa kwa frasila. Kila neno kati ya hayo linabeba chumba kizima cha historia, na mwandishi akilitumia mahali pake hana haja ya aya ya maelezo.

Tumewahi kujaribu kazi hii kwa njia zetu. Shaaban Robert alikutana na Siti binti Saad katika siku za mwisho za uhai wake, na wasifu alioandika ulichapishwa 1958. Ni kitabu ninachokiheshimu, lakini mara nyingi Siti anasogezwa kando ili mwandishi atoe nasaha, na mwimbaji aliyekwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928 anakuwa mfano wa tabia njema kabla hajawa mtu. Ebrahim Hussein alikwenda mbali zaidi katika tamthilia ya Kinjeketile ya 1969. Alitangaza wazi kwamba Kinjeketile wake, nabii wa vita vya Majimaji, ni kiumbe cha sanaa, hafungwi na yule wa historia, kisha akamtwisha swali ambalo hakuna afisa wa Kijerumani aliyeliandika: mtu afanye nini anapoona neno lake limemponyoka na kuwa kubwa kuliko yeye? Hapo hati zimenyamaza, na Hussein akaingia kwa mguu wa kulia.

Sasa nirudi Mrima, kwa sababu kuna mtu wa huku anayestahili riwaya ya namna hii. Ni Bwana Heri bin Juma wa Saadani.

Abushiri bin Salim, mwenzake katika kupigana na Wajerumani, anajulikana zaidi. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na vita vyake viliingia katika utenzi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, aliyeishi zama hizo. Kifo cha kitanzi humpa mwandishi mwisho wa hadithi ulio tayari, na huenda ndiyo maana masimulizi humkimbilia yeye. Bwana Heri ni mgumu zaidi, na kwa riwaya ndiye bora zaidi. Mji wake ulipigwa kwa mizinga na kutekwa 1889. Akaendelea kupigana kutoka ngome za porini, ikiwamo Mlembule, dhidi ya jeshi la Kijerumani la Wissmann lililokuwa na askari Wasudani na watu walioletwa kutoka Msumbiji. Aprili 1890, watu wake wakiwa wamedhoofika kwa njaa, alijisalimisha. Wajerumani hawakumnyonga. Walimruhusu arudi kuujenga upya mji ule ule waliouvunja. Miaka minne baadaye akainuka tena, akashindwa, akakimbilia Unguja.

Fikiria miaka hiyo minne. Mtawala anasimamia kuchimbiwa nguzo na kukandikwa kuta, bendera ya waliomshinda ikipepea juu yake. Ripoti za Kijerumani zinahesabu bunduki na wafu, hazisemi alikula na nani jioni ile. Ukimya wa namna hii ndio unaomwita mwandishi. Nisingempa Bwana Heri mwenyewe usimulizi. Ningempa mwanamke aliyepika ndani ya boma la Mlembule, aliyejua kuliko jemadari yeyote siku gani mtama ulikwisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekikwangua chungu cha mwisho. Au ningempa askari Msudani aliyeletwa kutoka Misri, asiyejua yuko nchi gani.

Mwandishi huyo azitazame pia tarehe zinazokaa jirani. Tarehe 4 Desemba 1889 wasafiri wa Kizungu Stanley na Emin Pasha waliingia Bagamoyo, Wissmann akawafanyia karamu, na usiku huo huo Emin akaanguka dirishani akaumia vibaya. Siku 11 baadaye, kaskazini kidogo kwenye pwani ile ile, Abushiri alipandishwa kitanzini. Hakuna mtunzi ambaye angethubutu kubuni ukaribu huo, na historia imeuacha wazi kwa yeyote atakaye.

Lakini vitabu vya Wajerumani na utenzi wa Hemedi vitatoa nguzo tu. Sauti ya jikoni haimo humo, na kama imebaki, imebaki katika masimulizi ya majumbani. Ewe msomaji wa Saadani, Mkange, Miono au Lugoba, kama nyumbani kwenu yuko mzee aliyesimuliwa na babu au bibi yake habari za vita vile, keti naye mwaka huu. Yaandike maneno yake jinsi anavyoyatamka, na majina ya mahali jinsi anavyoyataja, wala usiyasahihishe.