Ua Lililokatwa Halijafa: Juu ya Lilaki ya Manet

Miongoni mwa picha ndogo za maua alizochora Mfaransa Édouard Manet mwishoni mwa maisha yake, ile ya lilaki nyeupe katika chombo cha kioo, iliyochorwa yapata mwaka 1882 na kuhifadhiwa katika Alte Nationalgalerie mjini Berlin, ni nyepesi sana kusomwa kama waraka wa buriani. Sababu ni dhahiri. Manet alikuwa akiugua miguu, na marafiki walimletea maua. Tarehe 20 Aprili 1883 alikatwa mguu wa kushoto, na siku kumi baadaye akafariki akiwa na umri wa miaka 51. Usomaji huo una huruma, lakini humtazama mgonjwa na kuiacha picha.

Picha yenyewe haiombolezi. Nyuma ya maua pametiwa giza, na weupe wa lilaki ukajitokeza kwa nguvu. Mchoraji hakuhesabu petali. Alipiga brashi upesi upesi, na jicho la mtazamaji ndilo linalokamilisha shada. Kwa tabia hiyo Manet hutiwa katika kundi la Waimpreshonisti, ingawa hakushiriki hata moja ya maonyesho yao manane ya baina ya 1874 na 1886. Chini ya maua, kioo na maji vimeshughulikiwa kwa uangalifu uleule. Mashina yaliyokatwa yanaonekana ndani ya maji, na maji yameyapinda.

Hapo ndipo swali la istilahi linapozuka. Wafaransa huuita mchoro wa aina hii nature morte, yaani maumbile yaliyokufa. Waholanzi husema stilleven, uhai uliotulia, na Waingereza wakawafuata. Pengine si ajabu kwamba huko Ufaransa, tangu karne ya 17, André Félibien aliyaweka maua na matunda katika daraja la chini kabisa la uchoraji: nani atakitukuza kilichokufa? Mfasiri wa Kiswahili atakayechagua moja kati ya majina hayo mawili atakuwa amerithi pia hukumu iliyomo ndani yake.

Ilhali Kiswahili kina kiambishi kinachoielewa picha hii zaidi. Tukisema ua "halikufa", tumefunga habari. Tukisema "halifi", tumedanganya. Lakini "halijafa" hukanusha kifo na papo hapo hukingoja. Lilaki ya Manet imo katika hali hiyo: imetengwa na mti wake, nayo ingali inakunywa. Kwa hiyo maji si pambo. Lau mchoraji angalitumia chombo cha udongo, mashina yangalifichika, wala mtazamaji asingalijua kwamba weupe ule wote unategemea vidole vichache vya maji.