Uthabiti wa kipimo cha imani: Beni na Butembo, 2018

Kati ya tarehe 1 na 16 Septemba 2018, mwezi mmoja baada ya Ebola kutangazwa Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, watu wazima 961 wa Beni na Butembo walihojiwa kuhusu ugonjwa huo na imani yao kwa taasisi. Matokeo yalitoka mwaka 2019 katika The Lancet Infectious Diseases: asilimia 31.9 waliamini kwamba viongozi wa mahali wanatetea masilahi yao, na asilimia 25.5 walidhani Ebola haipo.

Imani haipimiki vizuri kwa swali moja. Huulizwa maswali kadhaa, majibu yakajumlishwa kuwa alama moja, na jumla hiyo ina maana pale tu maswali yanapokwenda pamoja. Kigezo kilichozoeleka cha kulingana huko ni alfa ya mwanasaikolojia Lee Cronbach ya mwaka 1951; ikifika 0.70 wengi huridhika, pengine mapema mno. Maswali 5 yenye uwiano wa wastani wa 0.40 hutoa alfa ya 0.77. Yakiwa 10 kwa uwiano uleule, inafika 0.87, ingawa hakuna swali lililotungwa vizuri zaidi.

Hatari kubwa zaidi iko mlangoni. Mwenye nyumba anayemshuku mhojaji kuwa katumwa na serikali anaweza kuitikia “ndiyo” mwanzo hadi mwisho. Majibu ya watu kama huyo yanalingana mno, na alfa inapanda. Kinachomfichua ni kauli pinzani: “Viongozi wa afya wanasema ukweli,” kisha, maswali machache mbele, “Viongozi wa afya wanatuficha mambo.” Anayekubali zote mbili hajasema lolote kuhusu imani yake. Hesabu ya wanaokubali zote mbili inafaa ifanywe kando kwa waliojibu kwa Kiswahili na kando kwa waliojibu kwa Kinande.

Njia nyingine ya kupima uthabiti ni kuwauliza watu walewale tena baada ya wiki mbili hivi. Njia hiyo inahitaji kinachopimwa kiwe kimebaki palepale. Tarehe 22 Septemba, siku 6 baada ya mahojiano kwisha, Beni ilishambuliwa, raia wakauawa na kazi za riposti, yaani kupambana na Ebola, zikasimama. Tarehe 26 Desemba, tume ya uchaguzi, CENI, ikaahirisha uchaguzi wa Beni na Butembo hadi Machi 2019. Alama ikishuka baada ya mambo hayo, dodoso halina kosa. Katika miji hiyo miwili, kurudia maswali hupima mabadiliko ya watu. Uthabiti wa dodoso lenyewe utafutwe kwenye kauli pinzani.