Swali la Hospitali Mbili

Swali la mtihani ni utungo kama utungo mwingine. Lina mtungaji, lina kusudi, nalo lastahili kusifiwa au kulaumiwa kama lifanyiwavyo shairi. Wanafunzi wetu hufundishwa kuhakiki mashairi na hadithi, lakini maswali yawapimayo huyapokea kama hukumu isiyo na rufaa. Hapa nataka kuhakiki swali moja la takwimu, elimu ambayo wengi huipita kwa alama nzuri bila kuonja utamu wake.

Kwanza tutazame swali la kawaida. Katika karakana moja wafanyakazi 9 hupata shilingi 500 kila mmoja kwa siku, na mwenye karakana hupata shilingi 10,500. Tafuta wastani. Mwanafunzi hujumlisha, hupata 15,000, hugawanya kwa 10, huandika 1,500, na alama zote ni zake. Lakini hakuna mtu hata mmoja katika karakana ile apataye shilingi 1,500, wala kiasi kilicho karibu yake. Kijana aendaye kuomba kazi pale kwa kutumaini wastani huo atajuta siku ya malipo. Swali limepima kujumlisha na kugawanya, kazi ambayo kikokotoo huifanya bila akili. Halikuuliza wastani husema nini na huficha nini. Mwanafunzi hana lawama, aliulizwa, akajibu.

Sasa linganisha na swali hili, lililochapwa katika jarida la Science mwaka 1974 na wataalamu wawili wa saikolojia, Amos Tversky na Daniel Kahneman. Nalieleza kwa maneno yangu. Mji mmoja una hospitali mbili. Katika hospitali kubwa huzaliwa watoto kama 45 kwa siku, na katika ndogo watoto kama 15. Kwa jumla nusu ya watoto ni wavulana, ingawa kiasi hicho hupanda na kushuka siku kwa siku. Kwa muda wa mwaka mzima kila hospitali iliandika zile siku ambazo wavulana walizidi 60 kwa mia. Ni ipi iliyoandika siku nyingi zaidi: kubwa, ndogo, au zilikaribiana?

Uzuri wa swali hili ni kwamba kanuni iliyokaririwa haipati pa kushika. Halina neno gumu, halina jedwali, wala halina la kujumlisha. Mwanafunzi huachwa peke yake na fikira zake. Jawabu ni hospitali ndogo, kwa kuwa kundi dogo huyumba kuliko kundi kubwa, kama ngalawa irushwavyo na wimbi ambalo meli hailisikii. Apendaye hesabu atakuta kwamba hospitali ndogo hutazamiwa kuandika siku kama 55 kwa mwaka, na kubwa siku kama 25. Wala jambo hili si la hospitali tu. Shule yenye watahiniwa 15 hupanda ghafula mwaka huu na kuanguka mwaka ujao. Watu humbeba mwalimu mkuu mabegani, kisha humtupa chini, na huenda hakubadilisha chochote.

Wanafunzi 95 wa chuo kikuu walijibu swali lile. Waliosema zilikaribiana walikuwa 53, waliochagua kubwa 21, na waliochagua ndogo 21. Hapa ndipo sifa zangu zipunguapo. Waliopatia na waliokosea upande wa pili walikuwa sawasawa. Tena, kama wote 95 wangefumba macho na kubahatisha, kama 32 wangepatia. Basi twawezaje kuapa kwamba wale 21 walielewa? Swali limefichua kutoelewa vizuri zaidi kuliko lilivyothibitisha kuelewa. Watungaji wake walikuwa wakichunguza makosa ya fikira za watu, hawakuwa wakigawa vyeti, kwa hiyo kusudi lao lilitimia. Lakini mwalimu alichukuaye zima na kulitia katika mtihani wake amelipa kazi lisiyoiweza.

Dawa yake ni maneno mawili: eleza sababu. Najua mwalimu mwenye madaftari 60 mezani ataguna, na ana haki ya kuguna, maana sababu husahihishwa polepole na huzua ubishi. Hata hivyo nimeliuliza swali hili mara kadhaa kwa wanachuo wajifunzao ualimu, nami nisingekubali tena kulisahihisha bila sababu. Mmoja alichagua hospitali ndogo, akaandika kwamba hospitali ndogo haina wauguzi wa kutosha, basi hukosea katika kuandika. Mwenzake alichagua hiyo hiyo, akaandika kwamba watoto 15 ni wachache mno, wavulana 2 tu wakizidi kiasi chote kimegeuka. Kama ningetazama herufi peke yake, wangetoka na alama moja.